Adui Kaja

Kwetu Mombasa picha ya Kihindi ilikuwa na watu watatu tu waliohesabika: steringi, msichana wake, na adui. Waliobaki walikuwa "yule mamake", "yule mchekeshaji", "yule inspekta". Steringi hafi, hilo kila mtoto alilijua kabla ya kujua kusoma. Msichana atalia, ataimba, mwisho ataolewa. Mwenye kazi hasa alikuwa adui. Asingekuwepo yeye, picha ingekwisha kwenye wimbo wa pili, taa zikawashwa, na sisi tukarudi nyumbani na njugu zetu hazijafika nusu.

Kwa mama yangu adui alikuwa mmoja tu. Wengine walikuwa wakimwigiza. Kwa miaka mingi hakujua jina lake. Alimwita "yule wa moshi", na shangazi zangu wote walifahamu anayesemwa ni nani. Mimi nilikuja kulijua jina nilipojifunza kusoma mabango ya sinema za Regal na Naaz: Pran. Neno moja, kama jina la dawa.

Picha ya kwanza niliyomwona ilikuwa Ram Aur Shyam. Ilitengenezwa mwaka 1967, lakini picha nzuri kwetu haikuzeeka. Iliondoka ikarudi, na watu wakajaa upya kana kwamba hawajui mwisho wake. Dilip Kumar anacheza pacha wawili waliopotezana, Ram mwoga na Shyam asiyeogopa mtu. Pran ni Gajendra, shemeji yake Ram, mume wa dada mtu, anayetaka mali ya nyumba ile iwe yake. Kila akimkasirikia Ram anamchapa mjeledi.

Nakumbuka vizuri alivyoingia. Hakuwa amesema neno. Nilikuwa nimepakata karatasi ya njugu, na mama akanikamata kifundo cha mkono kwa nguvu hata njugu zikamwagika. "Kaja," akaninong'oneza. "Mtazame mato." Nikamtazama macho. Hayakuwa yamekodolewa wala hayakuwa mekundu, wala uso haukukunjwa kama nyuso za maadui wa siku hizi. Alimtazama Ram vile mtu anavyotazama kiti anachofikiria kukiuza. Ukumbi mzima wa wanawake ukaanza kumtukana.

Mama yangu hakujua Kihindi. Alikuwa na maneno machache aliyoyaokota madukani na mengine aliyoyaokota humo humo sinema: mapenzi, moyo, mama, ndugu, Mungu. Wengi waliokuwa ukumbini siku ile walikuwa hivyo hivyo. Hapakuwa na maandishi ya Kiswahili chini ya picha, na hata yangekuwepo, wengi wasingewahi kuyasoma. Nyimbo tulizipokea kwa sauti zake, tukazitia maneno yetu. Juma Bhalo alizitwaa tuni za Kihindi akaziimbia mashairi ya Kimvita, zikawa zetu kabisa, zikachezwa harusini. Kisa nacho tulikipokea kwa macho. Tulisoma mikono, mabega, mtu anavyofunga mlango, anavyoshika kikombe. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba katika waigizaji wote wa Kihindi wa zama zile, mwandishi mkubwa wa lugha ile isiyo na maneno alikuwa Pran. Steringi alikuwa na nyimbo za kumsaidia. Pran hakuwa na wimbo. Alikuwa na sigara.

Moshi ule mama alioutumia kumpa jina una historia yake. Katika Badi Bahen ya mwaka 1949 Pran alianza kupuliza moshi wa sigara kwa vipete, kimoja nyuma ya kingine, taratibu, na watengenezaji picha wakaona kwamba kipete cha moshi kikitangulia kwenye pazia, watazamaji wanajua aliyeko nyuma yake kabla hawajaona uso. Hebu fikiria kazi iliyomo humo. Mtu anayepuliza kipete cha moshi hana haraka. Ana muda wa kuchezea pumzi yake. Mwenzake ana shida, analia au anaomba, na yeye anautengeneza moshi uwe duara. Nani anahitaji tafsiri hapo?

Halafu kuna Raka. Jis Desh Mein Ganga Behti Hai, mwaka 1960, picha ya Raj Kapoor iliyoongozwa na Radhu Karmakar. Inahusu majambazi wa porini, wale wanaoteka vijiji kwa farasi na bunduki. Raka, ambaye ni Pran, ndiye mkali wao. Ukiitazama, usiangalie bunduki. Angalia mkono. Kila baada ya muda anaupeleka shingoni, anaupitisha kwenye ukosi kama mtu anayelegeza kitu kinachombana. Anafanya hivyo akiwa amekasirika, anafanya akiwa anawaza. Pran mwenyewe aliwahi kueleza sababu: jambazi kama yule anaishi akijua ipo siku atanyongwa, basi kitanzi anakihisi shingoni tangu sasa. Hakuna mtu katika picha anayelisema jambo hilo. Limewekwa mkononi tu, na anayetaka kuliona analiona. Mimi nililiona nikiwa mtoto, nikadhani ana chawa kwenye kola. Nilipolirudia nikiwa mtu mzima, mwili ulinisisimka. Mtu yule katili, muda wote anaogopa.

Nimewahi kubishana na rafiki zangu kuhusu hili, wao wakisema adui ni adui, apigwe, yaishe. Pran aliwacheza maadui kwa miongo mitatu, na kila mmoja alimpa kitu chake mwenyewe: huyu fimbo, huyu mjeledi, huyu kucheka bila meno kuonekana, huyu sharubu zilizochongwa kwa uangalifu wa mtu anayejipenda. Wigi, ndevu na nguo alizifikiria mapema, kabla kamera haijawashwa. Maneno yaliandikwa na wengine. Mtu mwenyewe aliumbwa naye.

Alizaliwa Delhi, mtaa wa Ballimaran, tarehe 12 Februari 1920, jina lake kamili Pran Krishan Sikand. Baba yake alikuwa mhandisi aliyefanya kandarasi za serikali, familia ikihama mji hadi mji kwa kufuata barabara na madaraja, na mtoto akihama shule. Hakupata kutaka uigizaji. Alitaka kuwa mpiga picha, zile za kusimama, na akaingia kujifunza kazi hiyo studio. Kazi ikampeleka Shimla, na huko, katika maigizo ya Ramlila, kisa cha Kihindu cha Rama na mkewe Sita, wakampa nafasi ya Sita. Rama alikuwa Madan Puri, ambaye naye baadaye akawa adui maarufu wa sinema. Hilo nalipenda sana: mara ya kwanza kupanda jukwaani, Pran alikuwa mke mwema anayetekwa na jitu Ravana, kisha akatumia sehemu kubwa ya maisha yake akiwa upande wa Ravana.

Sinema ilimkuta dukani kwa muuza tambuu. Watu wa pwani watalielewa hili haraka kuliko wengine, maana tunajua muuza tambuu ni baraza ya mji. Ilikuwa Lahore, mwishoni mwa miaka ya 1930. Pran amesimama na rafiki zake, tambuu shavuni, anapiga soga kwa majivuno ya kijana aliyevaa vizuri. Mwandishi wa filamu aitwaye Wali Mohammad Wali akamkodolea macho. Alikuwa anatafuta mtu wa picha ya Kipunjabi, na namna kijana yule alivyosimama na alivyotafuna ilikuwa ndiyo hasa aliyoiandika. Akamwambia aje studio kesho yake. Pran hakwenda, alidhani ni maneno ya barabarani. Wakakutana tena baada ya siku kadhaa, Wali akamkaripia, na safari hii akaenda. Picha ikawa Yamla Jat ya mwaka 1940, na Pran akawa adui tangu siku ya kwanza. Kwa maneno mengine, kilichomfanya aajiriwe ni jinsi alivyosimama na kutafuna. Kutoka mwanzo kabisa alichaguliwa kwa mwili wake, na sisi huku Mombasa tukamchagua kwa hicho hicho.

Walijaribu kumfanya steringi. Katika Khandaan ya mwaka 1942 alikuwa mpenzi wa Noor Jehan, ambaye wakati ule alikuwa msichana mdogo hata ilibidi apandishwe juu ya matofali ili uso wake ufike karibu na wa Pran kwenye kamera. Picha ilipendwa. Lakini Pran hakupenda kukimbizana na msichana kwenye miti huku akiimba. Aliona haya. Mwingine angeng'ang'ania umaarufu ule. Yeye akarudi kwa adui, mahali ambapo mtu anaruhusiwa kusimama akatulia.

Kisha ukaja mwaka 1947 na kugawanywa kwa India, Lahore ikaangukia Pakistan. Alikuwa na jina Lahore, na picha zaidi ya ishirini nyuma yake, mke na mtoto mchanga. Mwezi Agosti familia ilikuwa Indore kwa siku ya kuzaliwa ya mtoto, mwaka wake wa kwanza, na Lahore ikawa inaungua. Hakurudi. Aliingia Bombay tarehe 14 Agosti, siku moja kabla ya uhuru wa India, na Bombay haikumjua. Walianza hotelini pazuri, wakateremka hadi pa bei nafuu, mapambo ya mke yakauzwa, na mwigizaji maarufu wa Lahore akafanya kazi kwenye hoteli ya Delmar, Marine Drive, kwa miezi. Aliyemkwamua ni Saadat Hasan Manto, yule mwandishi mkubwa wa hadithi za Kiurdu, pamoja na mwigizaji Shyam. Wao ndio waliomwombea nafasi studio ya Bombay Talkies katika Ziddi ya mwaka 1948, pamoja na Dev Anand na Kamini Kaushal. Muda si mrefu Manto mwenyewe akahamia Lahore. Mmoja alikuja, mmoja akaenda. Najiuliza kama Pran alipata kumshukuru kwa nafasi.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyotufikia sisi. Alikuwa adui wa Dilip Kumar, wa Dev Anand, wa Raj Kapoor, wote watatu, kila mwaka picha kadhaa. Katika majina ya mwanzo walimweka wa mwisho, peke yake, baada ya wote kutajwa: "na Pran". Hata kitabu cha maisha yake kiliitwa hivyo.

Katika hizo zote, niliyoirudia mara nyingi zaidi ni Madhumati ya Bimal Roy, ya mwaka 1958. Anand, ambaye ni Dilip Kumar, anakuja kufanya kazi kwenye mashamba ya milimani na kumpenda msichana wa huko, Madhumati, anayechezwa na Vyjayanthimala. Mwenye mali ni Raja Ugranarayan, ndiye Pran. Msichana anakufa kwa sababu yake. Karibu na mwisho Anand anamtegea mtego: anamtafuta msichana mwingine anayefanana na marehemu, amtokee Ugranarayan usiku katika jumba lake, ili kwa hofu akiri mbele ya polisi waliojificha.

Tazama Pran katika mandhari hiyo. Saa inakaribia, upepo unavuma, na yule bwana aliyekuwa akiingia kila chumba kama amekinunua anaanza kuwa mdogo. Bado anajikaza. Kidevu bado kiko juu, mgongo bado umenyooka, ila macho yanaanza kukimbilia kwenye pembe za chumba. Msichana anapotokea na kumuuliza maswali, anajibu kama mtu anayejibishana na kifua chake mwenyewe. Kisha anavunjika, anakiri. Ni baadaye tu Anand anapogundua kwamba msichana aliyepangwa alichelewa, na aliyekuja alikuwa marehemu mwenyewe. Lakini mimi huwa nimekwishajua, na nimejua kwa sababu ya macho ya Pran. Yeye alimwona mzimu. Sisi wengine tuliona mchezo uliopangwa. Ni kazi ngumu sana, kuwafanya watazamaji wamwogope mtu kwa saa mbili na nusu kisha, kwa dakika chache, waogope pamoja naye.

Chuki aliyopata ilikuwa ya kweli. Jina Pran maana yake ni pumzi, uhai, roho yenyewe; jina zuri la kumpa mtoto. Inasimuliwa India kwamba katika miaka ile wazazi waliacha kulitumia. Yeye mwenyewe alisimulia siku alipokwenda kunywa chai kwa rafiki yake Delhi, dada mdogo wa rafiki akaingizwa ndani haraka, na baadaye msichana akamuuliza kaka yake kwa nini analeta nyumbani mtu mbaya kama yule. Pran hakulalamika, aliihesabu ni sifa. Nami naona alikuwa sahihi, ingawa nafikiria pia ugumu wa kuwa mtu ambaye mabinti wanafichwa akipiga hodi, wakati kwa waliofanya kazi naye alijulikana kwa upole, kwa kuwahi kazini, na kwa kukumbuka mashairi mengi ya Kiurdu.

Mwaka 1967 ulimpa mambo mawili kwa pamoja. Mkono mmoja ulikuwa na mjeledi wa Gajendra. Mkono wa pili ulikuwa na magongo ya Malang Chacha. Manoj Kumar alikuwa anaongoza picha yake ya kwanza, Upkar, kuhusu mkulima na askari, kufuatia wito wa Waziri Mkuu Lal Bahadur Shastri wa kuwaenzi askari na mkulima. Akampa Pran mzee mlemavu wa kijijini, mwenye ulimi mchungu na moyo msafi. Tena akampa wimbo. Wanamuziki Kalyanji na Anandji hawakufurahi; waliona wimbo mzuri kama ule utaharibika ukiwekwa kinywani mwa adui. Sauti ni ya Manna Dey, na maneno yake yanasema viapo, ahadi, mapenzi, uaminifu, vyote ni maneno matupu. Pran aliuimba bila kupunga mikono. Mishipa ya shingo tu ndiyo ilisimama. Kalyanji mwenyewe baadaye alikiri kwamba wengine huimba kwa midomo na Pran aliuimba kwa moyo. Akapata tuzo ya Filmfare, ile ya sinema za Kihindi.

Upkar niliitazama na mama kwenye kanda ya video, miaka ya themanini, sebuleni kwetu. Hakuwahi kuiona. Malang Chacha alipotokea akamtambua mara moja, licha ya ndevu na magongo. "Huyu ni yule yule," akasema. Nikamwambia, mama, humu ni mtu mwema. Akanitazama kwa huruma. "Subiri. Atawageuka." Akasubiri. Kila Malang alipomshauri Bharat, yule mkulima, jambo jema, mama akasema anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wimbo ukaanza. Mama haelewi neno hata moja la Manna Dey. Katikati ya wimbo nikaona ameacha kutafuna tambuu. Ulipokwisha, akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza polepole, "Nani alimuudhi huyu baba?"

Baada ya Upkar milango ilifunguka. Katika Zanjeer ya mwaka 1973 alikuwa Sher Khan, Mpathani mwenye nywele na ndevu nyekundu, na inspekta kijana aliyekipiga teke kiti chake kituoni alikuwa Amitabh Bachchan, ambaye picha zake kadhaa zilikuwa zimeanguka. Pran ni mmoja wa waliomwombea Bachchan nafasi ile kwa mwongozaji Prakash Mehra, na wakati huo Pran alikuwa na jina kubwa kuliko Bachchan. Alikuwa amempa Mehra neno lake, hata akaacha kushiriki Shor, picha ya Manoj Kumar. Wakawa pamoja tena katika Amar Akbar Anthony na Don.

Mwaka huo wa 1973 pia alikataa tuzo. Filmfare walimpa ya mwigizaji msaidizi kwa Be-Imaan. Tuzo ya muziki nayo ikaenda kwa picha hiyo hiyo, na Pran akaona ilistahili kwenda kwa Ghulam Mohammed, mtunzi wa muziki wa Pakeezah, aliyekuwa amefariki mwaka 1968 bila kuiona picha yake ikitoka. Hakuichukua yake. Alikataa tuzo yake mwenyewe ili kuwatetea mfu na kazi yake, dhidi ya picha aliyoigiza.

Zilizobaki ni tarehe. Zaidi ya picha 350. Nishani ya serikali ya India, Padma Bhushan, mwaka 2001. Tuzo ya Dadasaheb Phalke, ya juu kabisa katika sinema za India, alipelekewa nyumbani Mei 2013, kwa kuwa hakuweza tena kusafiri kwenda Delhi. Akafariki Mumbai tarehe 12 Julai mwaka huo, ana miaka 93.

Siku habari zilipofika nilikwenda kwa mama. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini masikio mazima. Nikamwambia yule wa moshi kafa. Akauliza alikuwa na miaka mingapi, nikamwambia, akahesabu kwa vidole miaka waliyopishana. "Na watoto anao?" Nikamwambia anao. "Haya," akasema. Kisha akataka kumwona. Nikamwekea Ram Aur Shyam kwenye simu, nikaishika karibu na uso wake, pale penye mjeledi. Alisogeza kichwa, akakunja macho, akatafuta mpaka akampata kwenye kile kioo kidogo, anashuka ngazi.

"Kaja," akasema, na mkono wake ukanikamata kifundo.